Dhahabu ya Busia na Moshi wa Jikoni

Tororo ya Uganda ikitajwa, wengi huona mwamba na kiwanda cha saruji. Wachache hufikiria kwamba wilaya jirani ya Busia ni nchi ya dhahabu: Tiira, Syanyonja na vijiji vya kando. Mhadhara huu unaelekea huko, kwa sababu ubishi wa uchumi na mazingira, unaojaza kumbi za mikutano mijini, huko umo ndani ya kijiko.

Ni kijiko cha kulia chakula. Mchimbaji huponda mawe hadi yawe unga, huuosha kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa gunia, kisha hutia zebaki kwenye mchanga mzito uliosalia. Zebaki huinasa dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, likawekwa kijikoni juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi. Huruka ikiwa mvuke usioonekana, dhahabu ikabaki iking'aa. Mvuke huo huvutwa kwanza na anayechoma, pengine mama aliye jikoni na mtoto mgongoni, kisha hutua kwenye udongo na maji, hadi kwa samaki. Samaki wenye zebaki ndio walioleta ugonjwa uliotambuliwa Minamata, Japani, mwaka 1956, ingawa huko mkosaji alikuwa kiwanda, si mtu mwenye kijiko.

Wachimbaji wa Syanyonja waliungana wakaunda umoja unaojulikana kwa kifupi kama SAMA. Mwaka 2017 umoja huo ukawa wa kwanza miongoni mwa wachimbaji wadogo barani Afrika kupata cheti cha dhahabu cha Fairtrade, yaani biashara ya haki. Masharti si mepesi: zebaki idhibitiwe, watoto wasifanye kazi machimboni, mauzo yaandikwe. Upande wa pili kuna bei isiyopungua asilimia 95 ya bei ya dhahabu ya soko la London, na nyongeza ya dola 2,000 kwa kilo.

Yaani dola 2 kwa gramu. Mtu wa ofisini atazidharau. Lakini machimboni mnunuzi huja na mizani yake, na mara nyingi ndiye aliyekopesha hela ya chakula, hata zebaki yenyewe. Mwenye deni hapangi bei. Wala hana subira ya kutumia chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki: kinachukua muda, na dhahabu haionekani inapochomwa. Kumwita mtu huyo mjinga wa mazingira ni kumwonea.

Sheria hazikosekani. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2019, Kenya ikafuata 2023, na mkataba unataka uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ukomeshwe. Sheria ya madini ya Uganda ya 2022 imewatambua wachimbaji wadogo kabisa. Ila gramu tatu za dhahabu hukaa kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni, na Busia ya Uganda na Busia ya Kenya zimetenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kikundi kinachodai stakabadhi hushindana kila siku na mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka anayelipa taslimu, jioni hiyohiyo, bila kuuliza dhahabu ilichomwa wapi.