Fungu la Huntha



Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wake (S.A.W.), tunapenda kulizungumza jambo ambalo mitaani kwetu, Temeke na Kinondoni, husemwa kwa kunong'onezana: mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyobainisha kuwa ni wa kiume au wa kike. Wanazuoni humwita huntha.

Swali lililotufikia ni la mirathi. Baba amefariki, ameacha nyumba, mtoto wa kiume na huyo huntha. Baadhi ya ndugu wakasema huyu hahesabiki, maana hajulikani ni nani. Hiyo ni dhulma. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, huntha akiwa mwanamume wangegawana nusu kwa nusu. Akiwa mwanamke, yeye theluthi, kaka yake theluthi mbili. Basi kila mmoja hupewa kile kisicho na shaka: huntha theluthi, kaka nusu. Sudusi inayobaki huwekwa amana mpaka hali ibainike au wenyewe wasuluhishane. Angalieni, ndugu zetu: shaka haikumtoa katika mirathi, bali kaka mtu ndiye aliyezuiliwa kidogo kwa ajili yake. Wamempangia hata safu ya swala, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Sisi twamficha chumba cha uani!

Wenzetu wa Kenya waliwahesabu watu hawa katika sensa ya 2019, wakapata 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtaja mtoto wa namna hii na kumpa haki ya heshima, matibabu na elimu. Sensa yetu ya 2022 ilijua mume na mke tu.

Tunakumbuka pia Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wetu wa wakati ule alipowataka wananchi wamletee majina ya wanaoshukiwa ushoga. Novemba 4 Serikali ikatamka kuwa huo ulikuwa mtazamo wake binafsi. Lakini mwenye sauti nyembamba au kifua kilichojaa angeweza kuandikwa na jirani asiyejua lolote, ilhali Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya na upelelezi. Wako pia wanaojihisi nafsini mwao kuwa si wa jinsi waliyoandikiwa. Huo ni mlango mwingine wa fiqhi, mrefu na wenye hitilafu. Ila hatuujui mlango wowote uliohalalisha kumpiga mtu njiani, kumtoa katika chumba alichokilipia kodi au kumnyima dawa.

Kwa familia ile, tumemwomba imamu wa msikiti wao akae na ndugu kabla nyumba haijauzwa, na sudusi iwekwe kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Wabillahi tawfiq.