Msaada Wenye Sharti ni Mkataba

(Nakala ya mhadhara uliotolewa kwa waumini wa Mbagala, wilaya ya Temeke, baada ya sala ya Alasiri)



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, mada niliyotakiwa kuizungumza ni misaada ya maendeleo ambayo mataifa makubwa huzipa nchi zilizo katika mpito wa kisiasa. Mpito ni ile hali ya nchi kutoka katika utawala wa namna moja na kuingia katika mwingine: kutoka chama kimoja kwenda vyama vingi, kutoka utawala wa kijeshi kwenda wa kiraia, au kutoka katika uchaguzi wenye mgogoro kwenda katika maridhiano. Wakati kama huo ndipo wafadhili wanapokuja kwa wingi, na ndipo pia wanapoondoka ghafla. Swali langu ni hili: wanapoondoka, ni nani anayelipa?

Nianze na neno lenyewe. Msaada ni neno tulilolipokea kutoka katika Kiarabu, musaa'ada, nalo liko katika wazani wa mufaa'ala. Wanaosoma sarfu hapa wanajua kuwa wazani huu aghalabu huonyesha tendo linalopita baina ya wawili, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Neno sharti nalo limetoka hukohuko. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wamelizungumza suala la mtu anayetoa hiba kwa sharti la kulipwa kitu. Malipo yakiwa yanajulikana, kauli iliyo sahihi kwao ni kuwa hiyo si hiba tena bali ni mauzo, hata kama waliofanya muamala huo wanaendelea kuiita zawadi. Na malipo yakiwa hayajulikani, kauli ya madhehebu ni kuwa mkataba huo ni batili. Siwaletei fatwa juu ya mikataba ya serikali. Naichukua kanuni hiyo kuwa kipimo tu, kwani ina insafu kwa pande zote mbili: haimkatazi mtoaji kuweka sharti, lakini inamtaka aliseme, na inamtaka mpokeaji ajue kuwa ananunua.

Sasa tuliangalie jambo lililotokea hapa kwetu. Tarehe 17 Februari 2008, jijini Dar es Salaam, Rais George W. Bush wa Marekani na Rais Jakaya Kikwete walitia saini mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia, lijulikanalo kwa herufi MCC. Fedha zake zilikuwa dola milioni 698, na hazikuwa mkopo bali ruzuku, kwa muda wa miaka mitano. Zikajenga barabara, mojawapo ile ya Tunduma hadi Sumbawanga, na nyingine ya Tanga hadi Horohoro mpakani. Zikapanua mtambo wa maji wa Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi lita milioni 270, na ndugu zetu wa Bunju na Tegeta, kule Kinondoni, ni miongoni mwa wanaoutegemea mtambo huo. Zikalaza waya mpya wa umeme chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 100, kutoka Bara hadi Unguja. Wenzetu wa Unguja, waliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya umeme kutoka Bara kukatika, hawahitaji kuelezwa maana ya waya huo. Hayo ni mema, na kuyakanusha ni dhulma.

Mkataba wa pili ukaandaliwa, wa dola milioni 472, kwa ajili ya sekta ya umeme. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015. Siku tatu baadaye, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, chama cha CUF kikasusia, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 91 ya kura. Siku nane baada ya hapo, tarehe 28 Machi, bodi ya MCC ikasimamisha ushirikiano wake na Tanzania. Ikataja uchaguzi ule wa Zanzibar, na ikataja pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na namna ilivyotumika kuwakamata watu. Milioni 472 zikaondoka.

Je, mtoaji alidhulumu? Mimi sisemi hivyo. Tangu shirika lile lilipoundwa na bunge la Marekani mwaka 2004, masharti yake yaliandikwa: utawala wa haki, kuwekeza katika watu, na uhuru wa uchumi, na alama za kila nchi hutangazwa kila mwaka. Kwa hiyo sharti lilijulikana. Lakini lilijulikana kwa nani? Yule mzee wa kijijini aliyeambiwa kuwa nguzo ya umeme inakuja hakuambiwa kuwa nguzo hiyo imefungwa na hesabu ya kura za Unguja na Pemba. Na mpiga kura wa Unguja na Pemba hakuambiwa kuwa kura yake ikifutwa, adhabu itamwangukia mtu wa Bara ambaye hakuhusika. Matokeo yake ni kuwa aliyefutiwa kura hakurudishiwa kura yake, na aliyekuwa akingoja umeme wa fedha zile hakuupata. Ama waliokuwa na uamuzi mikononi mwao, umeme haukukatika majumbani mwao hata usiku mmoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zetu wanaoshangilia kila mara wanaposikia kuwa wafadhili wamekata fedha, wakidhani kuwa haki imepata mtetezi. Kukatwa kwa fedha ni fimbo ndefu, na mara nyingi humpiga aliye karibu na kumkosa aliyekusudiwa. Zanzibar ilikwisha kuyaonja hayo kabla. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ambapo Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad, wafadhili waliinyima serikali ya visiwani misaada kwa miaka kadhaa. Muafaka wa kwanza ulipatikana mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, haukutekelezwa ipasavyo, na Januari 2001 damu ikamwagika Pemba na Unguja, watu wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Maridhiano yaliyokuja baadaye, ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, yaliletwa na Wazanzibari wenyewe, viongozi wao wawili walipokaa chini na kuzungumza.

Mtu atasema: mbona Kenya ilifaa? Ni kweli. Mwishoni mwa Novemba 1991 wafadhili wa Kenya walikutana Paris wakazuia misaada mipya kwa miezi sita. Haikupita hata wiki mbili, Rais Moi akakubali vyama vingi, na tarehe 10 Desemba Bunge likakifuta kifungu cha 2A cha katiba. Lakini mwenye kuisoma habari hiyo kuanzia Paris ameanzia mwisho. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekwisha kuwekwa kizuizini Julai 1990, na mkutano wa Saba Saba wa tarehe 7 mwezi huo ulikwisha kuvunjwa kwa nguvu na watu wakafa. Mawakili na maaskofu walikuwa wamekwisha kusema, na FORD ilikwisha kuundwa. Mlango ulikuwa unasukumwa kutoka ndani, wafadhili wakaongeza bega lao dakika ya mwisho. Na hata ulipofunguka haukufunguka kwa wote sawa: Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilinyimwa usajili. Moi mwenyewe akashinda uchaguzi wa Desemba mwaka huo kwa kiasi cha asilimia 36 tu ya kura, kwa kuwa wapinzani wake waligawanyika.

Kuna mfano mwingine ambao vijana wetu wengi hawaujui, nao ni wa nchi yetu yenyewe ikiwa katika mpito wake mkubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki. Aprili mwaka huo ukaja Muungano, na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa mfadhili wa Tanganyika, ikataka wale wa Mashariki waondolewe. Mwalimu Nyerere akajaribu njia ya kati, wabaki na ubalozi mdogo tu. Februari 1965 Wajerumani wa Magharibi wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Nyerere akawaambia waondoe na ule uliobaki. Mwisho wa mwaka huohuo, tarehe 15 Desemba, akavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 usio na riba ukazuiliwa. Huenda mtu akamlaumu kwa mengi, na sisi Waislamu tunayo yetu ya kusema juu ya zama zile, lakini katika hili alijua bei ya anachokataa, na aliisema hadharani. Tena yule Mjerumani wa Mashariki naye hakuja bure. Nyumba alizojenga Kikwajuni na Kilimani zinakaliwa mpaka leo, na alichokitaka ni kutambuliwa kuwa ni dola.

Msinielewe kuwa sharti ni tabia ya watu wa Magharibi peke yao. Misri, Julai 2013, jeshi lilipomwondoa Rais Muhammad Mursi aliyechaguliwa, haikupita wiki mbili Saudi Arabia, Imarati na Kuwait zikaahidi jumla ya dola bilioni 12. Wakati mwaka uliotangulia wa raia kujifunza kuchagua ulipita kwa tabu, mwaka wa jeshi ulifunguliwa kwa hazina. Fedha hizo zilitoka kwa ndugu, na zilikuwa na upande. Marekani nayo, ambayo sheria yake inasema kuwa mapinduzi ya kijeshi hukata msaada, ilikwepa kuyaita mapinduzi, ikazuia sehemu ya msaada wa kijeshi Oktoba 2013, na ikaurudisha Machi 2015. Mwaka mmoja baadaye Tanzania ikakatiwa fedha za umeme kwa ajili ya uchaguzi wa kisiwani. Mizani ni ya mtu mmoja, mawe ni mawili.

Na Sudan hali ilikuwa nzito zaidi. Omar al-Bashir alipoondolewa Aprili 2019, serikali ya mpito ya Abdalla Hamdok ilikuta hazina tupu na jina la nchi likiwa katika orodha ya Marekani ya wanaofadhili ugaidi. Ili litolewe, Sudan maskini ilikubali kulipa dola milioni 335, fidia ya wahanga wa mashambulizi, yakiwemo yale ya tarehe 7 Agosti 1998 ya Nairobi na ya hapa kwetu Dar es Salaam, ambapo watu 11 walikufa. Ikatakiwa pia kusogeleana na Israel. Msaada ukaanza kuja, bei ya mkate ikapanda kwa mageuzi ya uchumi yaliyotakiwa, na tarehe 25 Oktoba 2021 majenerali wakapindua. Marekani ikasimamisha dola milioni 700. Ilikuwa sawa kuwanyima majenerali, lakini majenerali walikuwa na dhahabu. Waliobaki mikono mitupu ni wale walioandamana.

Yote hayo ni ya sharti lililovunjwa na mpokeaji. Mwaka 2025 tuliona la pili yake. Tarehe 20 Januari, siku Rais Donald Trump alipoapishwa kwa mara ya pili, alisimamisha misaada ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la USAID halikuwepo tena kama lilivyojulikana. Safari hii aliyekuwa katika mpito wa kisiasa ni mtoaji. Mgonjwa wa Temeke anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ambazo tangu mpango wa PEPFAR ulipoanzishwa mwaka 2003 kwa sehemu kubwa zimetegemea fedha za Marekani, hakuwa amevunja sharti lolote. Uchaguzi ulifanyika ng'ambo ya bahari, naye akawa anauliza dirishani kama mwezi ujao zitakuwepo. Na baada ya uchaguzi wetu wa tarehe 29 Oktoba 2025 na umwagaji damu uliofuatia, Desemba Marekani ikatangaza kuwa inaupitia upya uhusiano wake na Tanzania. Basi aliyepoteza mwanawe katika siku zile na aliyekosa dawa katika zahanati huenda wakawa ni nyumba moja.

Sisemi tukatae kila kinachotoka nje. Mwenye kiu haulizwi kwa nini amekunywa. Ninachotaka ni haki ya raia kujua anachouziwa, naye Mbunge na Diwani waulizwe hadharani, kwa Kiswahili: mkataba huu una masharti gani, nani ametia saini, na fedha zikikatika katikati, sehemu iliyobaki imetengewa fungu gani katika bajeti yetu wenyewe? Bajeti husomwa kila Juni. Wangapi kati yetu huifuata ili kujua kiasi gani kinategemea wahisani?

Na tusianzie Bungeni. Hapa penyewe pana wafadhili walioahidi kutuchimbia kisima cha madrasa, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Barua yao imeletwa kwa Kiingereza, na wajumbe watatu tu wa kamati ndio walioisoma. Nimeomba ifasiriwe yote na ibandikwe mlangoni kabla ya saini: kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani, pampu ikiharibika nani atanunua nyingine, na maji yatauzwa au la. Kamati itakutana Jumapili baada ya Dhuhuri, na wanawake nao, ambao ndio wabebaji wa ndoo, wawakilishwe.

Wabillaahi tawfiiq.