Njaa Inaanza Siku ya Mavuno

Mazungumzo na wamama wanaoleta watoto kwa kipimo

Wengine mumetoka mbali, mumebeba mtoto mgongoni tangu alfajiri. Kaeni, mupatie mtoto ziwa, na tuzungumze kidogo mbele ya kuanza kupima.

Leo tunazungumza juu ya wakati mgumu: namna ya kutayarisha nyumba mbele haujafika.

Siku mawingu yanapoondoka, tukiwa hapa Kamango tunaona milima ya Ruwenzori. Kilele chake cha Margherita kina urefu wa metre 5,109, na kule juu kuna barafu. Kwa nchi za Ulaya barafu inashuka mpaka shambani. Miezi kadhaa kila mwaka udongo unakuwa mgumu kama jiwe, hakuna kinachoota. Kwa hiyo watu wa kule walijifunza tangu zamani kuweka chakula mapema. Mtu asiyeweka alikufa.

Sisi huku chini hatuna baridi ya namna ile. Tunapanda mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana tunajidanganya kwamba hatuna wakati wa kuogopa. Lakini uko. Kwetu hauji na barafu, unakuja na mvua. Munaujua: ni ile miezi tunapolima na kupalilia, kuanzia mwezi wa tatu, na tena kuanzia mwezi wa tisa. Mbegu iko ndani ya udongo, ghala iko tupu. Mama anafanya kazi kuliko wakati wote, na sahani yake ni ndogo kuliko wakati wote. Mbu wanazaliana katika maji ya mvua na malaria inapanda. Maji machafu yanaingia kisimani na watoto wanahara. Mtoto aliyekuwa na uzito mzuri kwenye fishi yake anaweza kushuka kwa wiki chache tu.

Sasa niwaulize: njaa hii inaanza siku gani? Wengi watajibu, "Siku ghala inapokwisha." Hapana. Inaanza siku ya mavuno, siku ile tunauza yote bila kuhesabu. Siku ya mavuno kila mtu anauza, na bei iko chini. Baada ya miezi mitatu, mama anarudi sokoni kununua maharagi yale yale kwa bei ya juu. Yusufu kule Misri hakujenga ghala siku njaa ilipofika. Alijenga wakati wa kushiba.

Basi tufanye nini?

1. HESABU MBELE YA KUUZA

Tuchukue nyumba ya watu sita: baba, mama na watoto wane. Tuseme mama anapika kopo moja la Guigoz la maharagi, mara nne kwa wiki. Kutoka mavuno ya mwezi wa 12 mpaka mavuno ya mwezi wa 6 ni wiki 26. Nne mara 26 ni makopo 104. Hayo ni ya kula. Tuongeze makopo 20 ya mbegu. Jumla ni makopo 124.

Kama nyumba hiyo ilivuna makopo 160, yanayobaki ya kuuza ni 36 tu. Lakini mara nyingi tunafanya kinyume. Tunauza 120 kwa sababu mnunuzi amesimama mlangoni na feza mkononi, halafu tunaomba yale 40 yatutoshe kula na kupanda. Hayawezi kutosha hata siku moja.

Kila nyumba iko na hesabu yake. Kama hujui kuandika, tumia vijiwe: kijiwe kimoja kwa kila wiki. Fanya hesabu hiyo pamoja na bwana yako, maharagi yakiwa bado juu ya mkeka, mbele yenu nyinyi wawili. Ni rahisi zaidi kupatana mbele ya maharagi kuliko kugombana mbele ya chungu kitupu. Mbegu iwekwe mbali na chakula. Mwenye kula mbegu amekula mavuno mawili.

2. FEZA SI GHALA

Watalinga wengi leo wako na kakao. Ni jambo zuri, kakao inalipa shule na dawa. Lakini kakao hailiwi bugalini, na bei yake hatuipangi sisi. Mwaka 2024 ilipita dola 10,000 kwa tani katika masoko ya dunia. Mwaka 2025 ilishuka tena sana. Mbele ya kakao ilikuwa kahawa robusta, na wazazi wetu waliona ugonjwa wa kunyauka ukiikausha mashambani kwa Beni. Kwa hiyo musijaze shamba lote kakao mpaka mlango wa nyumba. Acheni sehemu ya mihogo, ya maharagi, ya karanga na soya, na migomba.

Tena, musiuze kakao ikiwa bado juu ya mti. Anayewapa feza mapema anajua kwamba muko na shida, na bei yake ni ya shida.

Feza yenyewe nayo inaoza. Wazee wanakumbuka Krismasi ya mwaka 1979, noti za zaire 5 na zaire 10 zilipokomeshwa. Siku za kubadilisha zilikuwa chache, na wengi hawakufika benki. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, franka moja kwa zaire mpya 100,000. Aliyeficha noti chini ya godoro aliamka na karatasi. Aliyeweka maharagi ghalani aliamka na maharagi.

Hii si kusema musiweke feza. Likelemba ya wamama wanaoaminiana ni nzuri. Lakini pangeni zamu ili mama apokee wakati mgumu, si wakati wa mavuno peke yake. Na mukipata feza nyingi siku moja, kwanza nunueni vitu visivyooza na ambavyo bei yake inapanda: chumvi, sabuni, jembe. Kitenge kitangoja.

3. KAUSHA VIZURI, FUNGA VIZURI

Mama anaweza kuhesabu vizuri, halafu wadudu wakala hesabu yake. Kwanza, kukausha. Anika juu ya mkeka au baashi, si juu ya udongo. Ili kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi mpaka robo, ongeza kijiko kimoja cha chumvi kavu, funga, na utikise kwa dakika chache. Kama chumvi inashika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yako na maji. Rudisha kwenye jua.

Pili, kufunga. Chukua bidoni safi iliyokauka kabisa. Jaza maharagi makavu mpaka juu, usiache nafasi, na ufunge kifuniko kwa nguvu. Wadudu waliobaki ndani watamaliza hewa na kufa. Usifungue kila siku kuangalia, maana unawaletea hewa. Ni vizuri kuwa na bidoni mbili au tatu, ukimaliza moja ndipo unafungua ingine. Lakini angalisho: bidoni iliyokuwa na dawa ya kupulizia kakao isitiwe chakula wala maji ya kunywa hata kama umeiosha mara kumi.

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu, tupa. Najua inauma kutupa chakula. Lakini ukungu ule unaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini, na moto wa kupika hauimalizi.

4. MIHOGO: USIFUPISHE SIKU

Wakati wa njaa tunakimbilia mihogo, nayo inatusaidia sana. Lakini mihogo michungu iko na sumu, munaijua. Dawa yake ni kuiloweka siku tatu au nne mpaka ilainike, halafu kuianika kwenye jua mpaka ikauke kabisa.

Hatari iko hapa: njaa inasukuma mama kufupisha. Siku tatu zinakuwa moja, sababu watoto wanalia. Watu wakila mihogo ya namna hiyo kwa wiki nyingi, bila maharagi, bila samaki, ugonjwa wa konzo unaweza kuingia. Mtoto alilala mzima, asubuhi miguu imekuwa migumu, hawezi kutembea sawasawa. Na konzo haiponi. Imeonekana katika majimbo mengi ya Kongo wakati wa njaa na vita. Kwa hiyo anza kuloweka mbele unga haujaisha: leo unapoanza kikapu cha mwisho, leo hii peleka mihogo mingine majini.

5. CHAKULA CHA MTOTO NA CHA MAMA

Mtoto chini ya miezi sita, ziwa la mama peke yake linamtosha, usiku na mchana, hata maji hapana. Baada ya miezi sita ongeza chakula, na uendelee kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Katika wakati mgumu ziwa ndilo chakula ambacho bei yake haipandi sokoni. Lakini mama anayenyonyesha na mama mwenye mimba lazima wale. Musiwaache kula makoko ya chungu baada ya watu wote kushiba.

Bugali peke yake unajaza tumbo, haujengi mwili. Uji wa mtoto tengeneza hivi: vipimo viwili vya unga wa mahindi, kipimo kimoja cha unga wa soya au karanga zilizosagwa, na kijiko cha mawese. Soya uikaange kwanza mbele ya kusaga, maana soya mbichi inasumbua tumbo. Sombe na lengalenga zisikosekane. Kama huna shamba, au umekimbia vita na unakaa kwa watu, lengalenga inaota hata ndani ya gunia la udongo kando ya nyumba, na baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma.

Na chandarua: musikiuze, musikifanye wavu wa samaki. Miezi ya njaa ndiyo miezi ya mbu.

6. MZIGO MDOGO WA KUKIMBIA

Hatuwezi kuzungumza juu ya wakati mgumu kwa Kamango bila kusema hili. Mwezi wa saba mwaka 2013 vita ilipoingia hapa, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka na kuingia Bundibugyo kwa Uganda, katika siku chache. Ghala haibebeki kichwani. Kwa hiyo uwe na mfuko mmoja mdogo karibu na mlango: fishi za watoto, dawa anazomeza mgonjwa wa nyumba, chumvi, unga wa uji wa siku tatu, kikombe, na nguo moja ya mtoto. Fishi zitie ndani ya plastiki. Mganga wa ng'ambo ataona pale chanjo gani mtoto alipata. Na chakula kisiwe mahali pamoja. Sehemu iwe nyumbani, sehemu kwa ndugu.

7. NJOO MAPEMA

Utafanya haya yote, na bado mwaka mwingine mvua itakataa au vita itafunga njia ya shamba. Hiyo si haya yako. Haya hailetwi na njaa. Usimfiche mtoto nyumbani mpaka afike mwisho.

Angalia miguu yake. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu mpaka tatu, achilia. Kama shimo linabaki, ni bwaki. Mtoto aliyevimba si mnene, ni mgonjwa. Angalia pia mkono. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, ule mkanda wetu ukionyesha nyekundu, ni kusema mkono uko chini ya santimetre 11.5, ni hatari kubwa, aanze matibabu siku ile ile. Manjano, mpaka 12.5, ni kuonywa. Mtoto anayekataa kula, asiyecheza tena, anayekaa tu na kulia kidogo kidogo, mlete. Akija mapema, wengi wanapona nyumbani kwa chakula cha dawa tunachowapa, bila kulazwa.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

Mbele hatujaanza kupima, kila mmoja ajibu jirani yake:

Nyumba yenu inakula makopo mangapi ya maharagi kwa wiki?

Yaliyo ghalani yatafika mwezi gani?

Mbegu iko wapi, na nani anaweza kuigusa?

Mihogo yenu inakaa majini siku ngapi?

Kama huwezi kujibu swali la kwanza, usione mbaya. Jioni ya leo hesabu makopo unapopika, fanya hivyo wiki nzima, na mwezi ujao utuletee jibu pamoja na mtoto. Sasa mama wa kwanza, leta fishi.