Kompyuta Haijafungwa, Ni Ukurasa Unapiga Kelele

    

Mada yetu leo ni ule ukurasa unaotokea ghafla kwenye intaneti na kukuambia kwamba kompyuta yako au simu yako imefungwa. Tutaeleza unavyofanya kazi, namna ya kuuondoa, na la kufanya kama tayari umetoa pesa. Kama una kalamu, ichukue. Kama huna, mwite mtoto anayesoma akusaidie kukumbuka.

Tuseme dada mmoja yuko kwenye chumba cha kompyuta. Amepewa saa moja, na nyuma yake wenzake wanasubiri zamu. Anatafuta mahali pa kupakua wimbo bila malipo. Anabonyeza mara moja tu. Kioo chote kinageuka chekundu. King'ora kinalia. Sauti ya mwanamke inasema kompyuta ina virusi, usiizime, piga namba hii sasa hivi. Anajaribu kufunga, ujumbe unarudi. Chumba kizima kinamgeukia.

Wakati mwingine ukurasa haulii. Unaweka nembo ya polisi na kusema umefungua picha zilizokatazwa, kwa hiyo ulipe faini ndani ya saa 24 au utakamatwa. Chini yake wameandika jina la mji na namba ndefu ya kompyuta yako kwenye intaneti, ili uamini kwamba wanakujua.

Sasa sikiliza vizuri. Kompyuta ile haijafungwa. Kilichofunguka ni ukurasa wa intaneti, kama kurasa nyingine zote. Waliouandika wameupa amri ya kujaza kioo chote, kupiga sauti, na kurudisha ujumbe kila unapoufunga. Ni kama mtu anayesimama mlangoni kwako na kupaza sauti kwamba amekufungia nyumba, na ufunguo uko mfukoni mwako. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ukurasa huu ni debe.

Na lile jina la mji? Kila ukurasa unaoufungua huiona namba ya intaneti unayotumia, na kwa namba hiyo hukisia uko upande gani. Ndiyo maana mara nyingi unaandikwa mji mkubwa ambako hata hujafika. Hawajui jina lako, hawajui hema lako wala nyumba yako.

Ujanja huu haukuanzia kambini. Mwaka 2012 FBI ya Marekani ilitoa onyo kwa wananchi wake kuhusu ujumbe uliotumia jina la FBI yenyewe kudai faini. Februari 2013 polisi wa Uhispania na Europol, lile shirika la polisi la Ulaya, walitangaza kwamba wamevunja kundi lililokuwa likidai faini ya euro 100 kwa jina la polisi. Basi waliotishwa walikuwa watu wenye uraia, wenye pasipoti, wenye mawakili. Hata wao waliogopa, na wengi walilipa.

Sisi tuna sababu zaidi za kuogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi wetu tumewahi kusimamishwa barabarani na mtu mwenye sare akadai pesa. Tumewahi kuambiwa karatasi zetu hazifai. Kwa hiyo tukiona nembo ya polisi kwenye kioo, moyo unakwenda moja kwa moja kwenye faili letu: je, nitafutwa kwenye orodha? Je, safari ya kwenda nchi ya tatu imeharibika? Je, watoto watakatiwa chakula?

Jibu ni hapana. Polisi hawatozi faini kupitia ukurasa unaotokea ghafla kwenye intaneti. Faili lako la ukimbizi haliko ndani ya kompyuta ile, na ukurasa ule hauwezi kuligusa. Na huduma za UNHCR ni bure: kuandikishwa ni bure, kuhojiwa ni bure, kupelekwa nchi ya tatu ni bure. Yeyote anayedai pesa kwa jina la huduma hizo ni tapeli, awe kwenye kioo, kwenye simu au chini ya mti.

Vilevile kampuni ya Microsoft, inayotengeneza Windows, imesema wazi kwamba ujumbe wake wa hitilafu hauweki namba ya simu ya kupiga. Kwa hiyo ukiona onyo la virusi lenye namba ya simu, umeshapata jibu. Ni la uongo.

Tuje kwenye namna ya kuuondoa. Kwanza ondoa mkono kwenye kipanya, uvute pumzi. Usibonyeze kitu chochote ndani ya ukurasa ule, hata palipoandikwa ghairi au funga, kwa sababu vitufe vile wamevichora wao.

Kama unatumia kompyuta ya Windows, fanya hivi. Shikilia kitufe cha Esc, kile cha juu kabisa kushoto, kwa sekunde chache. Ukurasa utaacha kujaza kioo, na utaona alama ya X ya kufungia. Kama haukubali, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Kama bado, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi. Tafuta jina la ile unayofungulia intaneti, kama Chrome, Firefox au Edge, ibonyeze mara moja, halafu bonyeza palipoandikwa End task. Kelele itakoma.

Kama yote yameshindikana, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime. Kazi ambayo hujaihifadhi inaweza kupotea, kwa hiyo hii iwe njia ya mwisho. Ukiwasha tena na programu ikakuuliza kama irudishe kurasa za mwanzo, kataa. Ukikubali, umemkaribisha tapeli tena.

Wengi wetu tunatumia simu. Kwenye simu ya Android, usihangaike na ukurasa. Fungua orodha ya programu ulizozitumia karibuni, ama kwa kitufe cha mraba, ama kwa kusukuma kidole kutoka chini kwenda juu, kisha iondoe ile ya intaneti. Ukirudi na ukurasa bado upo, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chagua Chrome, ubonyeze Force stop. Kisha futa kumbukumbu za kurasa ulizozitembelea.

Kuna jambo moja la simu ambalo watu hawalijui. Kurasa nyingine hukuomba ruhusa ya kukutumia taarifa, na zinakuambia ubonyeze Allow ili uone filamu au mechi. Ukikubali, kila siku utaletewa ujumbe kwamba simu ina virusi, hata kama hujafungua intaneti. Dawa yake iko ndani ya Chrome: ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa Notifications, ukiona jina la ukurasa usioujua, lizime. Na siku nyingine ukurasa usioujua ukiomba Allow, ukatae.

Msikilizaji anaweza kuniuliza: je, hakuna kompyuta zinazofungwa kweli? Zipo. Kuna programu za wahalifu zinazoingia ndani ya mashine na kufunga mafaili kwa ufunguo wa siri. Utazitofautisha hivi. Ukizima na kuwasha kompyuta, na bila kufungua intaneti tishio bado liko palepale, au mafaili yako yamebadilika majina na hayafunguki, hapo kuna tatizo la kweli. Hata hivyo usilipe. Toa waya wa intaneti au zima Wi-Fi, mwite fundi. Tangu 2016 upo mradi unaoitwa No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Unatoa bila malipo funguo za baadhi ya programu hizo. Fundi wako anaweza kuutafuta.

Sasa, kwa nini wanataka upige ile namba? Kwa sababu ukurasa peke yake hauna nguvu. Nguvu yao ni sauti ya mtu mpole atakayekuita kaka au dada, akijifanya fundi. Atakuomba uweke programu ya kuongozea kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi zenyewe si mbaya, mafundi wa kweli huzitumia. Lakini ukimpa tapeli njia hiyo, anaingia. Ukurasa ulikuwa nje, sasa wewe umemfungulia mlango. Ataona barua pepe zako, ataona picha za vitambulisho ulivyovihifadhi. Halafu atadai malipo kwa pesa ya simu au kwa namba za kadi za zawadi, kwa sababu pesa hizo ni ngumu kurudishwa.

Kama tayari umepiga au umelipa, usikae nyumbani ukilia peke yako. Fanya mambo haya leo hii. Moja, ondoa mashine kwenye intaneti. Mbili, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nenosiri la barua pepe yako, kisha Facebook na nyingine zote. Tatu, kama ulituma pesa ya simu au ulitaja namba yako ya siri, pigia huduma kwa wateja ya kampuni yako mara moja, maana kila dakika ina thamani. Nne, mpelekee fundi unayemwamini aondoe programu uliyowekewa. Tano, toa taarifa kwa kiongozi wa eneo lako, kwenye dawati la ulinzi au polisi. Na ujihadhari: akija mtu mwingine akisema atakurudishia pesa yako ukimlipa kidogo kwanza, huyo ni tapeli wa pili.

Nina neno kwa heshima kwenu mnaosimamia vyumba vya kompyuta, na kwenu wazazi wetu. Kijana akiona ukurasa unaosema ametazama picha chafu, kitu cha kwanza anachofikiri ni aibu. Anaona mkifika mtamfukuza, au baba atamchapa. Basi anapunguza sauti, anakwenda nje kimya kimya, anatafuta pesa ya kulipa. Anaweza kuuza shuka. Anaweza kutoa pesa ambayo mjomba ametuma kwa ajili ya dawa ya bibi. Pesa hiyo imekwenda kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ukurasa ule unamtokea yeyote. Unatokea kwenye nyimbo za bure, kwenye mechi za bure, kwenye matangazo yaliyobandikwa pembeni, hata ukikosea herufi moja ya anwani ya shule. Hauthibitishi kwamba mtu alifanya ubaya. Kwa hiyo msimamizi, kijana akikuita, mshukuru. Mwonyeshe namna ya kushikilia Esc mbele ya wenzake wote, ili siku hiyo wajifunze watu 20 badala ya mmoja. Andika hatua hizo kwenye karatasi, ibandike ukutani. Na mzazi, mwambie mtoto leo jioni: ukiona kitu kinakutisha kwenye simu, niletee mimi kwanza, sitakupiga.

Turudie kwa kifupi kabla ya kuagana. Onyo lenye namba ya simu ni la uongo. Faini ya polisi kwenye ukurasa wa intaneti ni ya uongo. Usipige, usilipe, usiweke programu yoyote unayoambiwa uweke. Kwenye kompyuta, shikilia Esc. Kwenye simu, ondoa programu ya intaneti kwenye orodha. Halafu mwambie mtu.

Ukiwa na swali, liandike kwenye karatasi ulitie kwenye sanduku la kipindi, nasi tutalijibu hapahapa bila kutaja jina lako. Kama jirani yako hakusikiliza leo, mpelekee habari hii kwenye foleni ya maji kesho asubuhi.