Kuchagua ulingo ulio salama

Msikilizaji, ninazungumza nawe kutoka Stratford, mashariki mwa jiji la London. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo lakini limegharimu maisha ya watu wengi: namna ya kuchagua na kujenga ulingo, yaani jukwaa la juu analokaa mwindaji anayevizia mnyama, au mkulima anayelinda shamba lake.

Huenda ukauliza, Stratford na uwindaji wapi na wapi? Mtaa huu unajulikana kwa kituo chake kikubwa cha treni, kwa maduka yake, na kwa bustani iliyojengwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Lakini jirani yake kuna mtaa uitwao Forest Gate, jina ambalo maana yake ni lango la msitu. Karibu na hapo ndipo ilipo Wanstead Flats, sehemu ya kusini ya Msitu wa Epping, ambao zamani ulikuwa msitu wa kifalme. Kulungu wa humo walikuwa mali ya mfalme, na ole wake mwananchi aliyethubutu kumwinda mmoja.

Mwaka 1543 Mfalme Henry VIII alijengewa ulingo katika msitu huo, mahali paitwapo Chingford, kaskazini ya Stratford. Haukuwa ulingo wa vijiti. Ulikuwa jengo la ghorofa, lenye nguzo nene za mwaloni, na ghorofa zake za juu ziliachwa wazi bila kuta. Wageni wa mfalme walisimama humo wakitazama mawindo, au wakiwapiga kwa pinde kulungu waliofukuzwa kupita mbele yao. Jengo hilo lingali limesimama hadi leo, ingawa pande zake zilizibwa baadaye, na sasa linaitwa kwa jina la binti wa mfalme huyo, Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kuna hadithi kwamba malkia alizipanda ngazi zake akiwa juu ya farasi. Iwe kweli isiwe kweli, anayeziona ngazi hizo zilivyo pana na za kupandika hatashangaa kwa nini watu waliisadiki.

Katika miaka hiyo Mfalme Henry alikuwa mnene mno, na alisumbuliwa na vidonda vya mguu. Fundi aliyemjengea mtu kama huyo hakuweza kumwambia apande kwa kamba. Hili ndilo funzo letu la kwanza: ulingo hupimwa kwa mwili na uwezo wa yule atakayeukalia.

Dungu la mkulima

Kwetu Afrika Mashariki ulingo ni kitu cha tangu na tangu. Watoto wamekaa ulingoni wakiamia ndege wasile mpunga na mtama. Katika bonde la mto Rufiji, nchini Tanzania, wakulima hujenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo huishi wakati wa msimu ili wayanusuru mazao yao na nguruwe mwitu, nyani, viboko na tembo. Huko Nyeri, nchini Kenya, mwaka 1932 ulijengwa ulingo juu ya mti wa mgumo kwa ajili ya watalii, ukaitwa Treetops. Hapo ndipo alipolala binti mfalme Elizabeth usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 Februari mwaka 1952, siku aliyofariki baba yake naye akawa malkia. Bustani ya Olimpiki hapa Stratford imepewa jina lake.

Lakini ulingo wa mtalii una mlinzi mwenye bunduki. Dungu la mkulima halina. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui. Walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba waliwaua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kuwajeruhi wengine zaidi ya 300. Mashambulizi yalizidi katika miezi ya mavuno, na mikoa ya kusini mashariki ndiyo iliyoumia zaidi. Sababu kubwa ilikuwa nguruwe mwitu. Nguruwe humfanya mkulima alale shambani, na nguruwe huyo huyo humvuta simba aje shambani. Kwa hiyo mlinzi na simba hukutanishwa na adui mmoja.

Huko Rufiji, kati ya mwaka 2002 na 2004, simba mmoja alihusishwa na vifo vya zaidi ya watu 30. Alipouawa, alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lake.

Kwa mkulima wa namna hiyo, msikilizaji, swali la ulingo ulio bora si la anasa. Ni swali la kuamka au kutoamka.

Kwanza, je, ni lazima kupanda?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu ina utaratibu wa ngazi tatu ambao yeyote anaweza kuutumia. Kwanza, usipande kama kazi yaweza kufanyika chini. Pili, kama ni lazima kupanda, zuia mtu asianguke. Tatu, kama huwezi kuondoa kabisa hatari ya kuanguka, basi punguza umbali wa kuanguka na madhara yake. Bustani ya Olimpiki hapa Stratford ilijengwa chini ya sheria hiyo. Watu wapatao 46,000 walifanya kazi katika ujenzi huo, na hakuna hata mmoja aliyefariki kwa ajali ya kazini. 

Mkulima naye ajiulize: je, mitaro na uzio vyaweza kupunguza usiku wa kulala shambani? Je, wenye mashamba yanayopakana waweza kulinda kwa zamu, wawili wawili, badala ya kila mtu kukaa peke yake?

Ikibidi kupanda, tazama mti. Chagua mti ulio hai, ulionyooka, wenye shina lisiloyumba. Ugonge kwa gongo. Ukitoa sauti ya uwazi, ndani umeoza. Tazama mizizi, uyoga unaoota kwenye kitako cha mti ni dalili ya ugonjwa. Inua macho utafute matawi makavu, mizinga ya nyuki na nyoka. Uuepuke mti mrefu uliosimama peke yake uwandani, kwa kuwa ndio unaoita radi. Ukijenga kwa nguzo, kumbuka mchwa. Boriti za mikoko zilizokatwa kwa kibali huwashinda mchwa kuliko miti mingi. Zifukie kwa kina, uzifunge kwa mihimili ya mshazari, kwa maana nguzo nne zisizofungwa hivyo huanguka zote upande mmoja.

Juu usipite kiasi. Kwa mwindaji, mita tatu hadi tano zatosha. Wasimamizi wa misitu ya Uingereza hukaa juu kwa sababu nyingine pia: risasi inayopigwa kutoka juu huishia ardhini, haiendi kumpata mpita njia. Kila mita unayoiongeza bila sababu ni mita ya kuanguka.

Jifunge mkanda unaoshika mwili mzima, mabega na mapaja, wala si kamba ya kiunoni. Anayening'inia kwa kamba ya kiuno huweza kukosa pumzi kabla ya kuokolewa. Ujifunge tangu unapoanza kupanda hadi unaporudi chini, kwa kuwa wengi huanguka wakipanda, wakishuka, au wakihama kutoka ngazini kwenda jukwaani. Daima viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Bunduki isipande na mtu. Ifungwe chini ikiwa haina risasi, ivutwe kwa kamba baada ya mwenyewe kutulia. Na kabla ya msimu mpya, kagua misumari, kamba na mikanda yote. Jua na mvua hula bila kelele.

Raha ni sehemu ya usalama

Wako wanaodhani kwamba kukaa kwa raha ulingoni ni ulegevu. Sivyo. Mtu aliyekaa vibaya hufa ganzi, hujigeuzageuza, husimama ghafla, na mwishowe hushuka usiku kujinyoosha. Kiti kiwe na mgongo wa kuegemea, miguu ifike sakafuni, na kiwe na ukingo wa kumzuia aliyesinzia. Paa lizuie mvua na umande. Kuwe na maji ya kunywa na chombo cha haja ndogo, ili pasiwe na sababu ya kushuka gizani. Na kwa dungu lililo katika nchi ya simba, urefu pekee si kinga, kwa kuwa simba anajua kuruka, na chui anajua kupanda. Panahitajika kuta imara, mlango wa kufungwa kwa ndani, na ngazi ya kuvutwa juu.

Jambo la mwisho ni wakati. Packer na wenzake, katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011, walibaini kwamba simba huwashambulia watu zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa zile za mwanzo wa usiku ambapo jua limetua na mwezi haujachomoza. Basi katika siku hizo mlinzi na awe ameshafika dunguni kabla ya magharibi. Na amwambie mtu aliyebaki nyumbani ni dungu lipi analolala na saa ngapi atarudi, ili asipoonekana, atafutwe mapema.

Henry VIII alijengewa ulingo na mafundi wa ufalme mzima. Mkulima wa Rufiji hujijengea mwenyewe kwa panga na kamba, ilhali hatari yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya mfalme. Nguzo moja ya ziada na mlango unaofungika huenda zikamgharimu kazi ya siku mbili. Siku mbili hizo, msikilizaji, ni heri azitoe kabla ya mavuno. Kwaheri.