Mitaa Tusiyoijua

Mazungumzo ya wajumbe wanne, yaliyosomwa mbele ya wanachama mjini Ifakara katika sherehe ya mwaka wa kumi wa Chama Kikuu



Waliotutangulia kusema leo wameeleza habari za ghala, za mizani na za hesabu ya fedha, nasi hatuna la kuongeza katika hayo. Letu ni dogo. Mwaka jana, katika mwezi wa Aprili, mkutano mkuu ulitutuma watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, sote wakulima wa mpunga, twende Dar es Salaam kwa siku nne. Hatukutumwa kuuza wala kununua. Tulitumwa kutembea kwa miguu katika mitaa ambayo wageni hawaiendei, ili tujue mchele wetu unafikia wapi baada ya kutoka mikononi mwetu.

Wapo waliocheka siku azimio hilo lilipopitishwa. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba nauli ya watu wanne ingetosha kununua turubai kubwa la kuanikia mpunga, na kwamba turubai lina faida inayoonekana, lakini matembezi hayana. Mzee huyo yupo hapa leo, nasi twamheshimu, maana neno lake lilikuwa la haki. Maneno yetu ya leo ni jibu lake, na mwisho wake atauona.

Kwanza hatuna budi kukiri ujinga wetu. Dar es Salaam ni mji uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, lakini kwetu sisi mji wote ulikuwa Kariakoo. Mtu akirudi kutoka huko humwuliza, "Kariakoo hawajambo?" kana kwamba hakuna mtaa mwingine. Nayo Kariakoo yenyewe twaitaja bila kukumbuka asili yake. Waingereza walipoutwaa mji ule mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, ambao kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Vita ile ilifika hata bondeni kwetu na Mahenge, na watu wengi walichukuliwa kubeba mizigo ambao hawakurudi kwao. Basi hata mtaa tunaodhani twaujua, twaujua kwa jina tu.

Wengi wetu huenda mjini kiangazi, baada ya mavuno, mfukoni mkiwa na kitu. Sisi tulikwenda masika. Mpunga ulikuwa mashambani, na watoto walikuwa wakiamia ndege. Tulichagua wakati huo kwa sababu mbili. Kwanza, mwezi wa Aprili mchele wa zamani umepungua sokoni, na ndipo mtu husema wazi anataka mchele upi na wa wapi. Pili, mtaa hujulikana wakati wa mvua. Jua huficha mengi, lakini mvua huonyesha paa linalovuja, mfereji ulioziba, na jirani anayemkaribisha jirani yake barazani.

Tuliondoka Ifakara alfajiri, milima ya Udzungwa ikiwa kushoto kwetu, tukapita Kiberege, Mang'ula na Kidatu, kisha Mikumi na Morogoro. Jioni tulishuka Mbezi, katika kituo kikubwa cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2021. Hapo tulipanda basi liendalo haraka kufuata barabara ya Morogoro. Tulisikia vituo vikitajwa kimoja baada ya kingine: Urafiki, Manzese, Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, Mapipa. Mwenzetu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba kila jina hapo ni kisa, na kwamba hatujui hata kimoja.

Tulilala Magomeni kwa shemeji wa mmoja wetu, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma. Asubuhi alitupeleka mtaa wa Ifunda kuiona nyumba ambayo Mwalimu Nyerere alikaa katika miaka ya kupigania uhuru, baada ya kuacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955. Siku hizi ni makumbusho. Si jumba la fahari. Ni nyumba ya kawaida kati ya nyumba nyingine, na mtu aweza kupita mbele yake asigeuze shingo. Tulisimama pale mvua ikinyesha, tukafikiri jinsi jambo kubwa la nchi lilivyokaa katika mtaa ambao sisi tulikuwa tukiupita ndani ya basi miaka yote.

Kutoka hapo tulikwenda Manzese kwa miguu. Ndugu zetu walituonya kabla ya safari tusiende huko, kwa maana ni mtaa wa wezi. Kwa kweli tulishika mifuko yetu kwa nguvu. Lakini tuliyoyakuta ni watu walioamka kabla yetu: mafundi cherehani, wauza mkaa, wasuka nywele, na vijana wakitoa maji ya mvua vibarazani kwa ndoo. Shemeji alitueleza kwamba katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliona afadhali kuitengeneza Manzese kwa barabara na maji kuliko kuibomoa. Tangu hapo watu wamezaa na kuzika pale. Mtaa wenye watu wengi hivyo hauwezi kukosa mwizi, kama ambavyo Ifakara haikosi. Lakini hakuna aliyetuibia kitu. Mama mmoja alipotuona tumelowa alitupa viti barazani pake, akatuambia, "Kaeni, wazee wangu, mvua haina mwenyewe."

Nyuma ya Manzese ndipo ilipo Tandale, nayo ndiyo sababu kubwa ya safari yetu, kwa kuwa soko lake ni soko la nafaka. Hapo tuliona magunia ya mchele yamepangwa hadi darini, na mbele yake mafungu katika mabeseni, kila fungu limechomekwa kipande cha boksi chenye jina. Tulisoma: Kyela. Mbeya. Kahama. Tulitafuta Ifakara hatukuiona. Tulitafuta Kilombero, nayo hatukuiona. Mwishoni kabisa, kwa bei ya chini kuliko nyingine zote, palikuwa na fungu lililoandikwa "Moro".

Tulimwuliza mwenye duka, kwa adabu, "Mwanangu, Moro hii ni ya wapi?"

Akacheka, akasema, "Moro ni Moro tu, baba."

Ndugu wanachama, tulinyamaza. Mkoa wa Morogoro una Kilosa, una Mvomero, una Ulanga na Malinyi, una Kilombero yetu, na kila pahali pana udongo wake na mbegu yake. Mtu wa Ifakara hawezi kuchanganya wali wa Supa na wa Saro hata akiwa amefumba macho. Lakini hapa sote tulikuwa kipande kimoja cha boksi. Tulitaka kukasirika. Ndipo mmoja wetu, mdogo kuliko sote, alipotukumbusha neno moja: sisi nasi tulikuwa tukiuita mji huu wote Kariakoo. Tulivyowafanyia wao ndivyo walivyotufanyia. Asiyetembea huwapa watu jina moja.

Hatukuondoka. Tulinunua chai tukakaa na yule mwenye duka mpaka mvua ilipopungua, naye alipojua kwamba tu wakulima hasa, si walanguzi, alifungua moyo wake. Alisema kwamba mchele wa bondeni kwetu una ladha na harufu nzuri, na kwamba baadhi ya wauzaji huuchanganya na mwingine wakauuza kwa jina la Kyela, na mnunuzi asijue. "Basi mbona kwa jina lake haupandi bei?" tukamwuliza. Akajibu kwa neno moja: "Mawe."

Akachota konzi, akaitandaza juu ya sinia, akatuonyesha changarawe tano. Mama lishe aliyekuwa karibu aliongeza kwamba yeye hupika wali tangu saa kumi za usiku, na kwamba mteja akiuma jiwe mara moja harudi tena. Kwa hiyo hununua mchele wa bei ya juu, ingawa faida yake hupungua. Tuliona haya, kwa maana tulijua mawe yale yanatoka wapi. Yanatoka kwetu, katika mpunga tunaoanika juu ya udongo mtupu, kando ya barabara.

Sokoni pale tulisema pia na mchukuzi mmoja, kijana wa Tandale. Alitueleza habari za lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kupita kilo 100, lakini lumbesa huipita. Sisi siku zote tumeipinga lumbesa kwa sababu humwibia mkulima jasho lake. Hatukupata kufikiri kwamba uzito ule ule, ukiisha kumwibia mkulima, humshukia mchukuzi mgongoni, naye hulipwa kwa gunia wala si kwa kilo. Kijana yule alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, naye alikuwa akiinuka kwa kujishika kiuno kama mzee. Tangu siku ile, tunapotaja lumbesa, twataja watu wawili.

Siku ya tatu tulikwenda bonde la Msimbazi pale Jangwani. Mto ule hutoka vilima vya Pugu ukapita katikati ya mji hadi baharini. Mwezi wa Desemba 2011 ulifurika ukaua watu na kubomoa nyumba, na baadhi ya waliookoka walipewa viwanja Mabwepande. Wako waliokwenda, na wako waliorudi bondeni kwa sababu kazi yao ilikuwa karibu na hapo. Wageni huwaita wajinga. Sisi hatukuweza kusema hivyo, maana twaujua mto Lumemo unavyoingia Ifakara, na twajua kwamba mtu halimi mlimani ikiwa chakula chake kiko majini. Tulikaa nao kama watu wa kabila moja, kabila la watu wa bondeni.

Jioni tulipita Keko, mtaa wa maseremala. Kando ya njia vilipangwa vitanda, makabati na milango, na harufu ya mbao ilikuwa imejaa hewani. Fundi mmoja alitusifia mbao za misaji, ambayo wengi huiita mitiki, alizokuwa akizipiga randa. Tulimwuliza zinatoka wapi, akasema, "Huko bara." Mashamba ya misaji yapo Kilombero na Ulanga, nasi tulitamani kujua kama zile zilikuwa zetu, lakini ubao haukuwa na jina, kama mchele wetu.

Siku ya nne tulirudi nyumbani. Waswahili husema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Yafuatayo ndiyo tuliyookota, nasi twayaweka mbele yenu, Bwana Mwenyekiti, kama maombi matatu.

La kwanza, mpunga wa chama hiki usianikwe tena juu ya udongo. Mzee wetu uliyesema juu ya turubai, ulisema kweli, nasi twakuomba radhi kwa kicheko cha baadhi yetu. Turubai lako ndilo dawa ya yale mawe. Lakini twakuomba nawe utukubalie jambo moja: lau si nauli ile, tungelinunua turubai kama kitu cha kuzuia umande, tusijue kwamba ndilo linalosimama kati ya jina letu na sinia la mama lishe.

La pili, kila gunia litokalo katika ghala letu lijazwe kwa mizani, lishonwe bila kilemba, na lipigwe chapa ya jina la Ifakara na jina la mbegu. Mwanachama atakayejaza lumbesa gizani ajue kwamba hamkomoi mlanguzi. Anamkunja mgongo kijana wa Tandale, na anawafundisha walanguzi kwamba sisi tu watu wa kukubali.

La tatu, kila mwaka, wakati wa masika, chama kiwatume wanachama wengine wanne. Wasiende wale wale. Waende Tandika, Buguruni, Mbagala na Temeke, na kokote ambako wali hupikwa kabla ya jua kuchomoza. Wakae barazani, waulize, wasikilize, na wakirudi waseme mbele yetu hata yale yanayotuaibisha.

Miaka kumi si michache. Vyama vikuu vya nchi hii viliwahi kuvunjwa mwaka 1976, hata sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na wazee wetu waliyaona yote mawili. Wao hutuambia kwamba chama huanza kufa siku wanachama wanapoacha kujua kitu chao kimefika wapi na kimeuzwa kwa nani. Sisi wanne tumekwisha kuona upande mmoja wa njia hiyo, nasi twawaambia kwamba mwisho wake hauko ofisini wala katika majumba marefu ya pwani. Uko katika mitaa yenye matope, kwa watu wanaotupa viti mvua inyeshapo.

Mwaka huu, yule mwenye duka wa Tandale ametuletea salamu kwa simu. Ameuliza, "Mchele wa Ifakara utakuja lini?" Hakusema Moro.