Mtoto Mkimya Chuoni



Nimeombwa niseme juu ya malezi. Nimechagua mtoto mmoja tu: yule akaaye pembeni ya mkeka, asiyecheza na wenziwe, ambaye twakimbilia kumwambia mzazi wake kuwa hana akili. Hakika huyo hakosi kuangalia, huangalia mno.

Mwaka 2011 mtaalamu wa Marekani, Koraly Pérez-Edgar, na wenzake walitoa habari za watoto waliofuatwa tangu udogo mpaka miaka 5. Mtoto alionyeshwa nyuso mbili pamoja, mmoja wa hasira na mmoja mtulivu. Zikaondolewa, ikatokea alama mahali pa mmojawapo, naye akabonyeza kitufe aionapo. Aliyekuwa mwepesi zaidi pale palipokuwa na hasira, jicho lake lilikwisha tangulia huko. Waoga wa wageni tangu udogo ambao macho yao yalivutwa hivyo ndio walioonekana kujitenga walipofika miaka 5. Kwa wasiovutwa, woga ule wa awali haukuendelea kuwa upweke.

Sasa tutazame vyuo vyetu. Mwalimu hukunja uso kwa uchovu tu (na ujira wake mnaujua). Watoto wengine hawajali. Huyu huuona uso ule kabla ya kuiona herufi.

Sura ya 80 yaitwa Abasa, yaani alikunja uso, na iliteremka kwa ajili ya kipofu, Ibn Umm Maktum. Yeye hakuuona uso ule. Mtoto wetu auona.